UZI: Saini yangu ya mkutano wa ulinzi imetumika kubadili matumizi ya uwanja wetu

Cherehani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, na mwenye uzoefu na mambo ya ardhi na halmashauri asipite bila kusema neno. Sitataja mtaa wala manispaa. Shauri bado liko mezani na sitaki mtu ahukumiwe humu kabla hajajibu kule.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam, ni katika maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Tuliohamia mapema tulikuta mikorosho, bikoni (yale mawe ya saruji ya mipaka ya viwanja) na barabara za vumbi zilizochongwa na greda. Siku ya kuoneshwa viwanja, bwana ardhi alitandaza mchoro juu ya boneti ya gari akawa anatuelekeza kwa kidole: hapa shule, hapa zahanati, hapa soko, na hapa palipopakwa kijani ni eneo la wazi. Nilichagua kiwanja cha kona kwa sababu kinatazamana na hicho kijani. Nilijenga kidogo kidogo, na mbele nikaweka kibaraza cha kushonea.

Kwa hiyo uwanja ule naujua kuliko ninavyoijua sebule yangu. Asubuhi wanapita watoto wa chekechea. Jioni ni mpira. Sikukuu ya Idi inaswaliwa pale, msiba ukiwa mkubwa turubai linafungwa pale, na mikutano ya mtaa tunakaa chini ya mkorosho mmoja uliobaki.

Jumapili moja baada ya ibada kijana wangu mdogo akaja mbio: "Mama, wametuwekea mawe uwanjani." Nikaenda kuangalia. Bikoni nne mpya, saruji bado inanyonya maji, na moja imesimama katikati kabisa ya goli la upande wa barabarani. Watoto walishasogeza matofali yao ya goli hatua tano pembeni wakaendelea kucheza.

Jumatatu nikaenda kwa Mtendaji wa Mtaa. Akanijibu kwa heshima tu: "Mama, hilo limeshapita. Mlikubali wenyewe kwenye mkutano." Nikamuuliza mkutano upi. Akaniambia kama nina swali zaidi niende halmashauri.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu nikaruhusiwa kulisoma faili palepale kaunta, bila kupiga picha. Ndani kuna barua ya maombi, kuna muhtasari wa mkutano wa mtaa unaosema wananchi "kwa kauli moja waliridhia" eneo la wazi libadilishwe kuwa la biashara, na nyuma yake zimebanwa karatasi za mahudhurio. Namba 31 ni jina langu. Saini ni yangu, siikani. Namba ya simu ni ile laini yangu ya zamani.

Ila karatasi ile naikumbuka. Siku hiyo nilitoka kuitia mashine mafuta, nikaitwa mkutanoni nikiwa bado sijanawa vizuri, na nilipoishika karatasi kidole gumba kikaacha doa pembeni mwa jina langu. Kwenye kopi ya faili doa lipo, limetoka kijivu. Huo ulikuwa mkutano wa ulinzi shirikishi! Tulijadili mchango wa walinzi wa usiku na taa ya pale darajani. Habari ya uwanja haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na juu ya karatasi, palipoandikwa kwa mkono kuwa ni mahudhurio ya ulinzi, kopi imekatwa. Imebaki mikia ya herufi tu.

Naomba mnisaidie. Nianzie wapi, na je, bado kuna muda?

Kona ya Mwembe

Pole sana dada. Kwetu ilikuwa hivihivi, tukashtuka siku tofali zinashushwa. Sisi tulichelewa. Wewe umeshtuka kwenye bikoni, shukuru Mungu.

Jembe na Nyundo

Ng'oeni hizo bikoni usiku, kesho waje waanze upya. Haya mambo ya barua hayana mwisho.

Mpima Mstaafu

Jembe na Nyundo, usimpeleke mwenzako pabaya. Kung'oa au kusogeza alama ya upimaji ni kosa la jinai, hata kama imewekwa kwa makosa. Wakiing'oa, kesho wao ndio wataitwa wahalifu na habari ya saini itasahaulika. Dada, waambie vijana waiache kama ilivyo na uipige picha ikiwa mahali pake.

Nimefanya kazi hizi tangu enzi za kuchora kwa wino, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa urefu kidogo.

Bikoni peke yake si hati. Ili kiwanja kiwe kiwanja, kwanza kuna mchoro wa mipango miji, ule tunaouita mchoro wa TP. Ndio unaosema hapa ni makazi, hapa ni shule, hapa ni wazi. Juu ya mchoro ndipo unafanyika upimaji, na ramani ya upimaji nayo lazima iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Baada ya hapo ndipo mtu anamilikishwa. Sasa mchoro wenu wa mwanzo ulishaidhinishwa, na kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri yenu ndiyo mamlaka ya upangaji. Lakini kuwa mamlaka hakumpi mtu ruhusa ya kuligeuza eneo kimyakimya. Kusudio la kubadili matumizi linatakiwa litangazwe ili jirani apate nafasi ya kupinga, wataalamu watoe maoni, kamati ikae, na mchoro wa marekebisho upate idhini ya wizara. Hivyo swali lako la kwanza kule ofisini lisiwe "nani kaghushi". Uliza hivi: mchoro wa marekebisho upo? Una namba gani? Uliidhinishwa lini? Mara nyingi ukiuliza namba ya mchoro ndipo unajua jambo limefika wapi. Kama namba hakuna, basi hizo bikoni zimetangulia mbele ya karatasi, na muda unao.

Jambo la pili, ambalo linaniuma tangu nikiwa kazini. Eneo la wazi halina mwenye hati. Kiwanja cha makazi kina mtu anayelipa pango la ardhi, anayeamka usiku akisikia nondo zinashushwa. Shule ina mwalimu mkuu. Soko lina ushuru. Pale pa kijani pana rangi tu kwenye karatasi, na karatasi iko kabatini mjini. Ndiyo maana likitafutwa eneo la kugawa, kidole kinaangukia palepale.

Kumbukeni mji wenyewe ulivyokwenda. Dar es Salaam ilikuwa na mpango mkuu wa 1949, wa 1968 na wa 1979. Baada ya hapo miaka zaidi ya 30 ikapita hadi kuja huu wa 2016 hadi 2036. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoa mzima. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728. Watu wote hao walijenga kwanza, mpango ukafuata nyuma unahema. Mitaa iliyobahatika kupimwa kabla ya kujengwa, kama wenu, ni michache. Mkiupoteza uwanja huo hamtapata mwingine, kwa sababu kupata nafasi nyingine ni mpaka nyumba za watu zibomolewe na fidia ilipwe.

Hata uwanja wa Mnazi Mmoja mnaoupita kila siku pale mjini haukutolewa kwa mapenzi. Wakoloni waliutenga uwe ukanda wa kuwatenganisha watu wa Uhindini na Waafrika wa Kariakoo. Nia ilikuwa mbaya kabisa. Lakini ardhi ilibaki wazi, na watu walewale waliotengwa wakaufanya uwanja wao wa mikutano ya kudai uhuru. Ardhi ikiwa wazi watu wanaweza kuipa kazi nyingine. Ikishajengwa fremu za maduka, imekwisha.

Cherehani

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma mara mbili na nimeandika kwenye daftari: namba ya mchoro, tarehe ya idhini. Vijana nimeshawakataza.

Hoja Binafsi

Nimewahi kuwa diwani kipindi kimoja, si katika manispaa yenu. Ngoja niwaambie jambo hili linavyopita, maana wengi wanadhani Baraza la Madiwani ndipo maamuzi yanapofanyika.

Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka. Kabla yake zinakaa kamati za kudumu: Fedha na Uongozi, ile ya elimu, afya na uchumi, na Mipango Miji na Mazingira. Kubadili matumizi ya ardhi kunachambuliwa kwenye hiyo ya Mipango Miji. Siku ya Baraza unakabidhiwa kabrasha zito. Kuna makusanyo, kuna madarasa, kuna mikopo, kuna watumishi, kuna barabara. Ukifika kwenye taarifa ya Mipango Miji unakuta jedwali: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, maoni ya wataalamu. Mstari mmoja! Diwani wa kata ya pili hawezi kujua kwamba namba ile ni goli la watoto. Kwenye safu ya mwisho pameandikwa "wananchi wameridhia, muhtasari umeambatishwa". Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kwenye mistari ya namna hiyo. Nasema hapa kwa uchungu, kwa sababu mmoja wapo baadaye niliupita nikakuta ni ukuta wa mita tatu pale palipokuwa na bembea.

Kwa hiyo dada, karatasi ile ya mahudhurio ndiyo nguzo ya faili zima. Wataalamu wanaiamini, kamati inawaamini wataalamu, Baraza linaiamini kamati. Ukiitoa ile, vilivyo juu yake vyote vinayumba.

Fanya hivi. Mtafute diwani wa kata yako ana kwa ana, kabla ya kamati kukaa tena, mkabidhi barua mkononi na abaki na nakala. Usimshambulie, inawezekana naye aliona mstari mmoja kama mimi. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, anaweza kuuliza kwa nini jambo hili halikupita kwake, au kama lilipita, lilipita na karatasi gani. Mwombe aiombe kamati ifike eneo la tukio. Kamati ikisimama juu ya nyasi, ule mstari unageuka kuwa uwanja.

Na siku ya Baraza nendeni. Mikutano ya Baraza ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Hamtapewa nafasi ya kusema, lakini watu thelathini wakikaa kimya kwenye viti vya nyuma wamevaa kiheshima, kila diwani atauliza hawa ni akina nani.

Mama Supu

Jamani na mimi niseme, maana naona wote mko upande mmoja.

Dada Cherehani tunafahamiana, sitajificha. Mimi ndiye ninayepika supu pembeni ya huo uwanja, chini ya mwavuli. Mwaka 2021 niliondolewa barabarani mjini na wenzangu wote. Nimehamishwa mara mbili tangu hapo. Mvua ikinyesha sina pa kuweka sufuria. Niliposikia panajengwa fremu, nilishukuru Mungu. Tuliambiwa wenye biashara ndogo wa mtaa watapewa kipaumbele. Na halmashauri kupata mapato kwenye fremu hizo si jambo baya. Kwenye mapato hayo ndiko inakotoka ile asilimia 10 ya mikopo, nne ya akina mama, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Kikundi chetu kimesubiri huo mkopo tangu ulipositishwa 2023 na uliporejeshwa tukajaza fomu upya.

Watoto wana haki ya kucheza. Na mimi nina watoto, wanakula kwa hiyo supu.

Cherehani

Mama yangu, asante kwa kuja kusema wazi, na sijakasirika hata kidogo. Nakuomba unijibu jambo moja tu, kwa kuwa siku ile ulikaa mbele yangu: tuliulizwa habari ya uwanja?

Mama Supu

Hatukuulizwa. Tulizungumza walinzi na taa. Hilo nitaliandika popote utakaponiita.

Ila nikuambie mapema: siku tukiitwa kuulizwa kweli, mimi nitanyoosha mkono kukubali fremu.

Cherehani

Nyoosha mama. Ndicho ninachokitaka mimi, uulizwe na mimi niulizwe.

Nakala Halisi

Nafanya kazi za sheria, niongeze mambo machache ambayo watu hujikwaa.

Msianzie Baraza la Kata mkitegemea hukumu. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Na kuishtaki halmashauri kuna ngazi zake: lazima uitoe notisi ya siku 90 kwanza, na tangu 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi na shauri linasikilizwa Mahakama Kuu. Simwambii mtu asiende mahakamani, haki ni haki. Lakini ndani ya siku 90 mtu ameshainua ukuta hadi linta, na ukuta ukishasimama mazungumzo yote yanabadilika. Jambo likizuiliwa kwenye kamati, limezuiliwa kwa bei ya karatasi na nauli ya daladala.

Chombo chenu cha karibu ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia yeyote anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Uliruhusiwa kusoma faili bila kupiga picha. Sasa omba nakala kwa barua. Taja nyaraka moja moja: muhtasari wa mkutano wa tarehe fulani, karatasi za mahudhurio kurasa zote, maoni ya wataalamu, muhtasari wa kikao cha kamati, mchoro wa marekebisho. Ukiandika "naomba taarifa zote" watakuzungusha. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nakala isiyo na mhuri ni kama hukwenda.

Na kuhusu saini, chunga ulimi wako. Usiandike kwamba fulani ameghushi. Andika unachokijua: nilihudhuria mkutano wa ulinzi, saini hii niliiweka huko, ajenda ya ardhi sikuisikia. Kila mmoja wa waliomo kwenye orodha aandike vivyo hivyo kwa mkono wake. Nani aliikata ile karatasi, hilo ni la wenye kazi ya kuchunguza.

Mkaazi wa Likoni

Poleni majirani. Huku Kenya shida ni ileile, majina tu ndiyo tofauti. Sheria yetu ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi atangaze gazetini, nasi tunapewa siku 14 kuwasilisha pingamizi kwa kaunti. Shida ni kwamba tangazo linatoka kwa Kiingereza, maandishi madogo, kwenye gazeti ambalo mama wa mtaani hanunui. Siku 14 zinapita kabla mtu hajajua kumetangazwa nini. Siku hizi tumeweka kijana mmoja wa kusoma matangazo kila wiki na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp.

Ila msikate tamaa. Mwaka 1989 Nairobi walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa, akaandika tena, mpaka wafadhili wakajiondoa. Na Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakapata uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliandamana, wakarushiwa vitoa machozi, dunia nzima ikaona, na uwanja ukarudishwa shuleni. Mimi nisingependa mtoto wa mtu yeyote afikie hapo. Afadhali barua.

Cherehani

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni wiki ya tatu sasa.

Barua ya kuomba nyaraka nimepeleka, mhuri ninao. Namba ya mchoro wa marekebisho niliuliza kaunta, nikaambiwa "bado inaandaliwa". Mzee wangu Mpima, niliposikia hivyo nilishika meza.

Kisha nikafanya kazi ya majina. Orodha ina watu 58. Nilizunguka nyumba kwa nyumba jioni, nikifunga mashine saa kumi na moja. Nimewapata 41. Kila mmoja ameandika kwa mkono wake, mistari miwili mitatu, na tarehe. Kuna mzee wa nyumba ya mwisho asiyejua kuandika. Mwalimu jirani yake alimsomea, akamrudia tena, naye akaweka dole gumba, na mwalimu akasaini kama shahidi. Mama Supu ameandika ukurasa mzima, ya kwake ndiyo ndefu kuliko zote, na ameeleza hadi mahali kila mtu alipokaa.

Walionipa shida si waliogoma kwa hofu, hao niliwaelewa. Aliyeniumiza ni bibi mmoja, namba 9 kwenye orodha. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, saini yangu ilishanitoka mara moja ikaenda nisikokujua. Sitaki itoke tena." Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye tukachambua mchicha, nikaondoka.

Mwenyekiti wetu wa sasa aliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, mkutano ule wa ulinzi ulikuwa wa kabla yake. Alipoona maandishi 41 hakubishana. Amesema ataitisha mkutano mpya, ajenda moja tu.

Diwani nilimpata nyumbani kwake saa moja asubuhi. Aliisoma barua amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza, "Namba 31 ni wewe?" Nikamwonesha doa.

Hoja Binafsi

Umefanya vizuri sana. Kwenye mkutano mpya hakikisheni ajenda inaandikwa juu ya kila ukurasa wa mahudhurio kabla mtu wa kwanza hajasaini. Kila ukurasa, si wa kwanza tu. Na muhtasari usomwe palepale kabla watu hawajatawanyika.

Nakala Halisi

Naunga mkono. Na anayepinga au anayekubali, wote wahesabiwe kwa idadi. Msikubali "kauli moja" iandikwe tena, hata kama safari hii inawapendelea ninyi.

Cherehani

Mkutano ulifanyika Jumamosi chini ya mkorosho. Ajenda iliandikwa juu ya kila karatasi kwa kalamu nyekundu, mwalimu ndiye aliyeandika, na kila aliyesaini aliisoma kwanza kwa sauti. Ilichukua muda mrefu kuliko mkutano wenyewe na hakuna aliyelalamika.

Waliotaka uwanja ubaki wazi ni 97. Waliotaka fremu ni 22. Mama Supu alinyoosha mkono kama alivyoahidi, akaomba kusema, akasema. Alieleza habari ya mvua na sufuria, na uwanja mzima ulinyamaza. Nikiri kwamba mpaka siku ile mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza anafanyaje mvua ikinyesha, na tunatazamana kila siku. Baada yake kijana mmoja wa bodaboda akapendekeza ule ukanda mwembamba wa kando ya barabara, ulioachwa nje ya eneo la kijani, uombwe kwa ajili ya vibanda vya wafanyabiashara wa mtaa. Mwenyekiti ameliandika kama ombi la pili, barua yake yenyewe, lisichanganywe na la uwanja. Mama Supu, nitaibeba na hiyo mimi mwenyewe.

Mama Supu

Nimekusikia. Ila ukanda huo wasije wakasema ni hifadhi ya barabara tukavunjiwa tena.

Mpima Mstaafu

Mama ana hoja nzito. Kabla hamjaupeleka huo ukanda popote, angalieni kwenye ramani ya upimaji barabara ile imepewa upana gani. Pimeni kutoka katikati ya barabara, msipime kutoka kwenye mtaro. Kama uko ndani ya hifadhi ya barabara, msimpeleke mtu pale. Nitumie namba ya kitalu kwa ujumbe wa siri nikusaidie kuisoma.

Cherehani

Nimekutumia mzee wangu.

Taarifa ya leo: diwani amepiga simu. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira inakuja kuangalia eneo Alhamisi saa nne asubuhi. Mambo yote yamesimama hadi watakapotoka hapa. Watoto wamerudisha goli mahali pake pa zamani, na ile bikoni ya katikati wameivisha tairi bovu la gari ili golikipa asijiumize.

Nimepata kopi ya mchoro wa mwanzo. Steshenari wananiuliza niutoe saizi gani, A4 nyeusi ni bei ndogo.

Mpima Mstaafu

Hapana, usitoe nyeusi. Utoe mkubwa, A1, wa rangi, uubandike kwenye ubao mgumu usipeperuke. Kijani lazima kionekane.